Moyo kufa ganzi katikati ya harakati

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba baada ya miaka sita ya kutetea watu waliokamatwa, siku hizi unasikia mtu amepigwa na huhisi kitu, kwamba wenzako wanakuona umelegea, na ungependa kujua kama wakati wako wa kuondoka umefika. Nakujibu kwa sababu nilipita hapo ulipo.

Kwa miaka minne nilikuwa mshika simu wa kundi letu. Mtu akikamatwa kwenye maandamano, ndugu zake walipiga namba ile, nami nikatafuta kituo anakoshikiliwa, nikamwamsha wakili, nikachangisha fedha za dhamana, kisha nikarudi kwa familia na jibu. Usiku mmoja, yapata saa nane, simu ilitetemeka kando ya kitanda. Alikuwa mama ambaye kijana wake alikuwa rumande kwa wiki ya pili. Niliigeuza simu kifudifudi, nikautazama mwanga ukipenya ukingoni mwake mpaka ukazimika. Sikuwa na usingizi wala shughuli nyingine. Nilichohisi ni kero tupu, kana kwamba yule mama ndiye aliyenikosea. Asubuhi nilipompigia, aliniomba radhi kwa kunisumbua, na radhi ile iliniuma kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa katika kazi hii.

Hali hiyo inajulikana, na kwa Kiingereza huitwa "burnout", yaani kuchakaa kwa mwili na moyo kwa sababu ya kazi. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliieleza mwaka 1974 baada ya kuiona kwa watu waliojitolea katika kliniki isiyotoza malipo mjini New York, yeye mwenyewe akiwa miongoni mwao. Baadaye mwanasaikolojia mwingine, Christina Maslach, alibainisha sura zake tatu, nazo ni kuishiwa nguvu za kihisia, kuwa baridi kwa wale unaowahudumia, na kujiona hakuna unalolitimiza. Hiyo ya pili ndiyo inayotuponza sisi wanaharakati, maana mwenzetu akianza kuongea kwa ubaridi, hatuulizi amelala saa ngapi. Tunauliza amenunuliwa na nani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza kuwa ni jambo la kikazi na si ugonjwa, likaifunga kwenye mazingira ya ajira. Nasikitika kwamba hali iliyotambuliwa kwanza kwa watu wa kujitolea sasa imefungwa huko, kwa kuwa anayejitolea hana mwajiri wa kumdai likizo.

Kwa upande wangu, hatari haikunimaliza, kwani nilikuwa nimeitarajia tangu siku ya kwanza. Kilichonimaliza ni hesabu niliyokuwa nikijifanyia moyoni, kwamba kila saa niliyopumzika nilikuwa nimemwibia mtu aliyelala sakafuni mahabusu. Hakuna aliyeniamuru nifikiri hivyo. Hata hivyo, katika kundi letu aliyelala kidogo kuliko wote ndiye aliyesikilizwa zaidi kwenye vikao, na siku tuliyofanikiwa kumtoa mmoja, wengine watatu walikuwa wamekwisha kuingizwa, hivyo hata furaha ilionekana kuwa utovu wa adabu.

Nilikwenda mapumzikoni wiki tatu. Niliporudi, siku tisa hazikupita nikawa vilevile, kwa sababu kazi ilikuwa imepangwa vilevile. Nafuu ilianza tulipoitoa simu mikononi mwa mtu mmoja. Tukawa watatu, kila mmoja akiishika siku saba, maelezo ya kila kesi yakiandikwa katika daftari moja, na asiye zamu akiondolewa hata kwenye ujumbe wa kundi. Juma la kwanza lilikuwa gumu kwangu: mtu niliyemhangaikia aliachiwa, nami nikapata habari baada ya siku mbili. Hapo nilitambua jinsi nilivyokuwa nimezoea kuhitajiwa. Nilipomweleza yule mama kwamba simu zake zitapokelewa na mwingine, aliuliza tu jina lake, akaliandika.

Kwa hiyo usiamue sasa kuhusu kuondoka, kwa kuwa uamuzi unaofanywa na moyo uliokufa ganzi hauaminiki, uwe wa kubaki au wa kwenda. Amua kwanza ni mzigo upi unautua wiki hii, na umkabidhi mtu kwa jina. Ikiwa usingizi umekuhama kabisa, ikiwa unakunywa pombe ili uimalize siku, au ikiwa mawazo ya kufa yanakujia, mwone daktari kabla ya kikao chochote cha kundi.

Kuhusu wenzako, usianze kwa kujieleza mbele ya wote. Mtafute mmoja unayemwamini, umwambie haya uliyotuandikia. Mimi nilimwambia wakili wetu, mtu niliyemdhania kuwa chuma. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia kwamba kwa mwaka mzima hajaweza kusoma hadi mwisho maelezo ya mteja yeyote aliyeteswa, na kwamba alikuwa akimpa karani wake amsomee kurasa za mwisho.