Shangazi, Pasaka inakuja na mi bado nalia

"Shangazi shikamoo. Mama yangu kafariki miezi miwili iliyopita. Mi ni mwanakwaya, na Pasaka hii nimepangiwa kuongoza wimbo wa ufufuo, ila kila mazoezi nikifika kwenye neno amefufuka sauti inakata nalia. Juzi mzee mmoja wa kanisa akaniambia mbele ya wenzangu kwamba nalia kama mtu asiye na tumaini, mama yuko mahali pazuri, nifurahi. Shangazi sifurahi. Imani yangu imekufa? Na nikikataa kuimba si nitakuwa nimemkana Kristo? Mwanakwaya."

Marahaba mwanangu, na pole sana. Miezi miwili ni juzi tu, najua hata namba yake kwenye simu hujaifuta.

Nianze na huyo mzee manake kanichefua. Huo mstari alioushika upo kweli, ni 1 Wathesalonike 4:13, ila kausoma nusu. Paulo hakusema msihuzunike, nukta. Kasema msihuzunike kama wengine wasio na matumaini, yaani huzuni ipo palepale, tofauti ni kwamba ya kwako ina miadi ya kuonana tena. Na hao Wathesalonike walikuwa na jambo kama lako kabisa, walikuwa wanamsubiri Yesu arudi, wapendwa wao wakaanza kufa kabla hajarudi, wakachanganyikiwa, sasa hawa waliotangulia si watapitwa jamani? Ndo akawaandikia kuwatuliza, na mwishoni akasema farijianeni kwa maneno haya. Sijui lini tulianza kuyatumia kama fimbo.

Alafu fungua Yohana 11. Yesu anajua kabisa anaenda kumfufua rafiki yake Lazaro aliyekufa, kashawaambia wanafunzi wake kabla hata hawajaanza safari, na bado alipowaona watu wanalia na yeye akalia. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema nyamazeni, subirini muone, ni yeye, na hakusema. Martha, dada yake Lazaro, naye kashakiri kwamba kaka yake atafufuka siku ya mwisho, imani anayo, ila lile dukuduku la "ungekuwepo hapa kaka yangu asingekufa" alilitoa hivohivo usoni kwa Bwana na hakukemewa.

Hili la mahali pazuri silipingi, mi mwenyewe nalishikilia. Ila Pasaka inasema kubwa zaidi ya hapo mwanangu. Ingekuwa habari yenyewe ni roho ya Yesu kwenda mahali pazuri tu, basi kaburi lisingekuwa na haja ya kuwa tupu. Wakristo tunaongelea mwili, uleule uliosulubiwa, wenye makovu, Tomaso akaambiwa tia mkono wako, na kwenye Luka 24 Yesu akawauliza wanafunzi mna chochote cha kula hapa, wakampa samaki akala mbele yao! Paulo kwenye 1 Wakorintho 15 anamwita limbuko, yaani yale mavuno ya kwanza kabisa, ukishayaona unajua shamba lililobaki nalo litavunwa. Mama yako yumo kwenye shamba hilo. Na sura hiyohiyo, mstari wa 26, inakiita kifo adui, adui wa mwisho. Sasa adui kakuchukulia mama alafu mtu anakwambia ufurahi, ufurahie nini hasa? Kichukie tu kifo, hujakosea, Pasaka yenyewe ni Mungu kukipinga.

Eti imani imekufa. Hebu angalia hiyo Pasaka ya kwanza ilivokuwa, asubuhi ile hakuna aliyeamka na furaha. Wale wanawake walibeba manukato ya kupaka maiti, si maua ya sherehe. Kwenye Marko 16:8 wanakimbia kaburini wanatetemeka. Wale wanafunzi wawili wa njia ya kijiji cha Emau walishaanza kuondoka zao, wanasema tulikuwa tukitumaini, yaani kwao imeshakuwa habari ya zamani. Na Maria Magdalene, huyu nampenda, alifika bado giza, kaona jiwe limeondolewa akadhani mwili umeibiwa, akalia mpaka Yesu mwenyewe kasimama mbele yake akamdhania mtunza bustani! Akaulizwa unalilia nini, alafu akaitwa jina lake. Basi. Wa kwanza kutumwa na habari hii kwa wanafunzi ni huyo aliyekuwa analia.

Kuhusu wimbo, ongea na mwalimu wa kwaya wiki hii, usingoje Jumamosi usiku. Mwambie mwingine aongoze, we simama na sauti yako katikati ya wenzio, ukishindwa watakubeba, raha ya kwaya si ndo hiyo. Ukiona hata hapo hapawezekani kaa chini na waumini usikilize. Hujamkana mtu yeyote. Mi Pasaka ya kwanza baada ya kumzika mume wangu nilikaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango na wimbo wa pili nikatoka, mwaka uliofuata nikafika mpaka mahubiri. Na kalenda ya kanisa inaipa Pasaka siku 50, hadi Pentekoste, kwa hiyo furaha ikichelewa Jumapili hiyo bado ina muda wa kukufikia.

Ila nikuulize, unalala? Unakula? Kama usingizi umekukimbia wiki nyingi au unapata mawazo ya kutaka kumfuata mama, mwambie mtu unayemwamini leo hiihii na umuone daktari au mshauri, hilo siyo la kuombewa tu.

Huyo mzee usimjibu, hasa mbele ya watu. Uniandikie baada ya Pentekoste uniambie ulikaa wapi.