Kwa Wanaoanza Fizikia: Pimeni Nutrino Kabla ya Kujadili Hatima ya Ulimwengu

Wanafunzi wapya wa fizikia hapa Iringa huniuliza mara kwa mara iwapo ulimwengu utatanuka daima au siku moja utajikunja, na wengi wao hutarajia jibu litoke kwenye nyota na magalaksi. Ushauri wangu kwenu ni kwamba muanze na nutrino, chembe isiyo na chaji ambayo Wolfgang Pauli aliibashiri mwaka 1930, na ambayo Frederick Reines na Clyde Cowan waliithibitisha mwaka 1956.

Wingi wake ndio wa kuzingatia. Jua likiwa juu ya mwamba wa Gangilonga, hapa Iringa, saa sita mchana, ukucha wa kidole gumba, wenye eneo la takriban sentimita moja ya mraba, hupitiwa na nutrino zipatazo bilioni 65 kila sekunde, na usiku wa manane idadi ileile huufikia kutoka chini, ikiwa imeshavuka Dunia nzima. Hata Kimondo cha Mbozi, pamoja na chuma chake chote, hakizizuii.

Sasa chukueni kalamu. Nutrino zilizobaki tangu Mlipuko Mkuu ni takriban 336 katika kila sentimita moja ya ujazo. Msongamano wa kizingiti, yaani kiwango ambacho kikizidi, na kama nishati ya giza, ile inayousukuma ulimwengu utanuke, isingekuwapo, mvutano ungeurudisha ulimwengu nyuma, ni takriban elektronivolti 5,000 (kipimo kidogo cha nishati ambacho wanafizikia hukitumia pia kwa tungamo) katika ujazo huohuo. Mkigawanya mtapata kwamba tungamo ya elektronivolti 15 tu kwa kila nutrino ingetosha kukifikia kizingiti hicho, ilhali elektroni moja ina 511,000. Wengi hurudia mgawanyo huu wakidhani wamekosea, nami huwahimiza waurudie.

Mwaka 1998 kigunduzi cha Super-Kamiokande nchini Japani, tangi la tani 50,000 za maji lililo chini ya mlima, kilionyesha kwamba nutrino hubadilika kutoka aina moja kwenda nyingine, jambo lisilowezekana kama zote hazina tungamo. Baadaye vipimo vya KATRIN, jaribio la kupima tungamo ya nutrino huko Karlsruhe, Ujerumani, viliweka kikomo cha juu cha elektronivolti 0.45. Zidisheni kwa 336: mtapata takriban 151, yaani asilimia 3 ya kizingiti, kwa hiyo nutrino peke yake haziwezi kusimamisha utanukaji, ambao wanaastronomia waligundua mwaka huohuo wa 1998 kwamba unaongezeka kasi.

Hata hivyo msiziweke kando. Kwa kuwa zilikwenda kasi mno, zilipunguza ukuaji wa mikusanyiko ya maada iliyozaa magalaksi, na mradi wa DUNE nchini Marekani, utakaozirusha kilomita 1,300 ardhini, unakusudia kuchunguza iwapo nutrino na chembe kinzani zake hubadilika kwa namna tofauti, tofauti inayoweza kusaidia kueleza kwa nini maada ilibaki badala ya kufutana yote na maada kinzani. Atakayetaka kuifuata kazi hiyo ajifunze takwimu mapema, tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu vigunduzi hivi hunasa chembe chache mno kati ya matrilioni yanayopita.