Swali: Krimu inatoa maji na keki inateleza, nakosea wapi?

Dada, habari za kazi? Niko Tanga, ndiyo kwanza najifunza kuoka. Mwezi ujao wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa, nami nataka kuwaokea keki ya inchi 10, leya tatu, matunda juu. Nilijaribu ya inchi 8: nilioka keki moja nene nikaikata mara tatu, katikati ikawa mbichi. Ndani niliweka krimu na nanasi. Baada ya saa chache ilitoa maji na leya ya juu ikateleza.

Nzuri, mdogo wangu, na hongera kwa wazazi. Aliyekuangusha hasa ni nanasi. Likiwa bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kinachovunja protini. Ndiyo maana watu hulainishia nyama. Ndani ya krimu ya maziwa hufanya kazi hiyo hiyo: krimu huachia maji na kuwa chungu. Papai na kiwi ni ndugu zake kwa hilo, na gelatini haigandi penye matunda hayo mabichi. Moto ndio unaokiua. Lichemshe nanasi na sukari kidogo mpaka maji yakauke, kisha lipoe kabisa. La kopo limeshapikwa, lichuje tu.

Hata hivyo, kwa keki yako ya kwanza kubwa mimi nisingeweka tunda bichi lolote katikati. Vipande vyenye majimaji chini ya leya ni kama gololi. Pika embe na sukari na maji ya limau, ongeza konflawa kidogo iliyokorogwa kwa maji baridi, mpaka liwe zito kama jemu. Kabla ya kulipaka, zungushia pembeni mwa leya ukingo wa krimu ya siagi, unene wa kidole, ili embe lisichuruzike nje. Kila ukipandisha leya, rudisha keki kwenye friji nusu saa.

Kuhusu ubichi: oka kila leya kwenye bati lake. Bati la inchi 10 lina eneo kubwa kuliko la inchi 8 kwa zaidi ya mara moja na nusu, kwa hiyo vipimo vya zamani havitoshi. Kwa kila leya chukua mayai 4, yapime na maganda yake, kisha weka siagi, sukari na unga kwa uzito huo huo, na bekingi pauda kijiko cha chai kimoja na nusu. Moto nyuzi 160, si 180, ili kingo zisikauke kabla ya katikati kuiva. Anza kuchoma kijiti baada ya dakika 35.

Krimu ya maziwa usiiachie kubeba leya kwa joto la Tanga. Itumie juu tu. Krimu, bakuli na mapigio yake vyote vitoke kwenye friji vikiwa baridi sana.

Matunda ya juu yaoshe mapema, yafute kwa tishu mpaka yakauke, na usiyanyunyizie sukari, maana huvuta maji nje. Ndizi usiweke, itakuwa nyeusi. Embe, zabibu na stroberi zinatosha. Beba keki bila matunda, na matunda kwenye kontena lake pembeni. Uyapange hapo hapo ukumbini, saa moja hivi kabla ya wazazi kukata.