Mama anatozwa huduma ya nyumbani Uingereza: gharama za ulemavu zinadaiwaje?

SWALI: Mama yangu, miaka 74, alipata kiharusi. Anaishi peke yake kusini mwa England, na halmashauri inamletea mhudumu mara mbili kwa siku. Baada ya tathmini ya kifedha ameambiwa alipe pauni 58 kwa wiki. Anapokea Attendance Allowance, ile posho ya serikali kwa wazee wenye ulemavu, lakini yote inaishia kwenye hita, kufua, teksi na pampasi. Tulipeleka bili ya umeme kudai gharama za ulemavu, ikakataliwa. Tumekosea wapi?

JIBU: Dada, pole kwa kumuuguza mama. Kupeleka bili hamkukosea. Mmekosea kuipeleka peke yake. Bili inaonyesha umeme uliotumika, haionyeshi kwamba ulemavu ndio uliouongeza. Ofisa anatafuta ile tofauti.

Chini ya Sheria ya Huduma ya mwaka 2014, hesabu huenda hivi: pensheni na Attendance Allowance zinajumlishwa, zinatolewa gharama za makazi, kinatolewa kiwango cha chini cha mapato ambacho hakiguswi, kisha zinatolewa gharama za ulemavu, ambazo kwenye fomu zimeandikwa DRE. Kinachobaki ndicho anachotozwa. Kwa hiyo kila pauni ya DRE inayokubaliwa inapunguza pauni moja kwenye zile 58. Msiombe kama wanaoomba msaada. Halmashauri ikishaihesabu posho ya ulemavu kuwa mapato, inapaswa kumwachia mama fedha za kulipia mahitaji ya ulemavu ambayo yenyewe haiyatimizi. (Haya ni ya England na kwa anayeishi nyumbani, Scotland na Wales zina taratibu zao.)

Tuanze na umeme. Chukua bili za miezi 12, zenye usomaji halisi wa mita, maana bili ya makadirio hukataliwa upesi. Muulize ofisa wanatumia wastani gani kwa nyumba ya aina hiyo. Tuseme mama ametumia pauni 2,100 na wastani wao ni 1,480: dai ni 620, gawanya kwa 52, unapata pauni 11.92 kwa wiki. Ambatanisha barua ya daktari inayosema kwa nini anahitaji joto: hatembei, damu haizunguki vizuri, yuko ndani kutwa.

Kufua ni vivyo hivyo. Kama mashine inawashwa mara 9 kwa wiki kwa sababu ya shuka zilizolowa, na angekuwa mzima angefua mara 3, dai zile 6. Kwa mfano wa peni 60 kila mara, sabuni, maji na umeme, ni pauni 3.60. Andikeni daftari la wiki mbili: tarehe, saa, kilichofuliwa. Daftari hilo dogo lina nguvu kuliko maelezo marefu.

Pampasi ndizo hukataliwa zaidi, kwa kuwa NHS, huduma ya afya ya umma, huzitoa bure. Omba kwanza tathmini ya muuguzi wa matatizo ya mkojo. Zikiwa hazitoshi au zinamchubua, aandike hivyo. Hapo mtadai zile mnazoongeza dukani.

Teksi: Attendance Allowance haina sehemu ya usafiri kama ilivyo PIP (posho ya ulemavu kwa walio chini ya umri wa pensheni wanapoomba), kwa hiyo safari ambazo ulemavu unazilazimisha zinadaiwa. Tarajieni swali kwa nini hatumii gari la wagonjwa au basi la bure, na muwe na jibu.

Vifaa alivyonunua mwenyewe hugawanywa kwa miaka vinavyotarajiwa kudumu. Kiti cha umeme cha kumwinua cha pauni 1,560, kikipewa miaka 10, ni pauni 3 kwa wiki. Alichopewa bure hakidaiwi. Na kama kuna mtu mnayemlipa taslimu amkatie mama majani, asaini karatasi yenye tarehe, kazi na kiasi; kuanzia sasa mlipeni kupitia benki.

Sasa fungueni mpango wa huduma wa mama. Mpango huo ukisema tu “anahitaji msaada wa kuoga”, ofisa wa fedha hataona mkojo wa usiku wala baridi. Mwombeni ofisa ustawi wa jamii ayaandike mahitaji hayo. Hata hivyo, gharama isikataliwe kwa sababu tu haimo kwenye mpango. Mwongozo wa serikali unauona mpango huo kama pa kuanzia tu. Wakiwapa kiwango kimoja wanachompa kila mtu, na gharama halisi zinazidi, dai tathmini yake binafsi.

Pelekeni jedwali moja: gharama, hitaji, hesabu ya wiki, ushahidi. Ombeni kwa maandishi hesabu irudiwe tangu siku mama alipoanza kutozwa, na kila kilichokataliwa kitajiwe sababu. Msiache kulipa kabisa, kwa kuwa halmashauri ina mamlaka ya kudai deni; lipeni sehemu msiyoipinga na mwandike kwamba iliyobaki mnaibishia. Wakishikilia msimamo, wasilisheni malalamiko rasmi kwao, kisha kwa Local Government and Social Care Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko dhidi ya halmashauri. Huduma yake ni bure, ila kwa kawaida malalamiko yamfikie ndani ya miezi 12 tangu mlipojua tatizo.