Lebo ifuate swali la mteja

Wewe uliyeingia juzi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, ngoja kwanza kabla hujafungua folda nyingine. Nami nilianza hivyo hivyo: folda ya kila mteja, ndani yake folda ya kila meli, ndani tena ya kila mwezi. Ikapendeza wiki mbili. Kisha mteja akapiga simu, dereva wake keshafika geti la bandari ya Kilindini, anataka ankara ya kontena. Meli haijui, mwezi haukumbuki. Alichonacho ni namba tu, zile herufi nne na tarakimu saba. Nilifungua folda moja baada ya nyingine, jasho lanitoka na feni iko juu inazunguka.

Hati moja ina wenyewe wengi. Ni ya mteja, ni ya meli, ni ya kontena, na bado ni ankara. Folda hukulazimisha uchague mwenyewe mmoja. Lebo, yaani maneno unayoibandikia faili, hazikulazimishi: faili moja hubeba nyingi.

Mimi hutumia TMSU, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri kwenye teminali, lile dirisha la kuandikia amri, ya Linux. Faili zenyewe haizigusi. Lebo huziandika pembeni, kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite. Ukiwa ndani ya folda kuu andika `tmsu init`, mara moja basi. Baada ya hapo:

`tmsu tag skani014.pdf ankara mteja=m07 mwaka=2024`

Hiyo m07 ni alama ya mteja. Na simu ikilia:

`tmsu files "ankara and mteja=m07"`

Hizo alama za nukuu usizidharau. Siku moja nilitaka faili za baada ya 2020, nikaandika `tmsu files mwaka > 2020` bila kuziweka, nikakaa nangoja jibu. Kwa teminali, alama ya `>` ina maana ya kumimina matokeo kwenye faili, kwa hiyo nikaachiwa faili mpya inayoitwa 2020.

Lakini kilichotusumbua hasa si amri, ni maneno. Tulikuwa watatu: mmoja akiandika ankara, mwingine Ankara, wa tatu invoisi. Kwa programu hizo ni lebo tatu tofauti, na ukitafuta moja mbili zinajificha. Tulizikusanya kwa `tmsu merge Ankara invoisi ankara`, kisha tukaandika orodha ya maneno tuliyokubaliana, herufi ndogo zote, tukaibandika ukutani. Neno ambalo hakuna mteja atakayeliulizia halimo. Mwenzetu mmoja alitaka lebo ya "muhimu". Tulimkatalia, maana kwake kila kitu ni muhimu.

Ukihamisha faili kwa `mv`, TMSU hubaki na anwani ya zamani. `tmsu status` itakuonyesha zilizopotea, na `tmsu repair .` (nukta ni folda uliyomo) huzitafuta humo kwa kulinganisha yaliyomo. Ukiwa umeihamisha na kuibadilisha pia, haitaitambua. Hapo tumia `tmsu repair --manual`, uipe njia ya zamani na mpya.

Faili ukiinakili kwenye flashi, lebo zake hazendi nayo. Zimo ndani ya `.tmsu`, folda ambayo `ls`, amri ya kuorodhesha faili, haikuonyeshi kwa sababu jina lake laanza na nukta. Ione kwa `ls -a`. Mimi huinakili pamoja na kazi zote kila Ijumaa, kabla hatujatoka kwenda kuswali. Na majina ya faili bado nayaanza na tarehe, mwaka mbele, 2024-03-09, ili hata atakayezipokea bila lebo azikute zimejipanga.