Maswali ya Wasomaji: Kiwimbi Juu ya i na u

SWALI: Mteja ameniletea kadi ya harusi yenye maneno ya Kikuyu. Juu ya i na u kuna viwimbi. Je, naweza kuviacha? Na nikitaka kuviweka nifanyeje? – Mchapaji, Thika

JIBU: Tafadhali usiviache. Kikuyu kina irabu saba, na alfabeti ya Kirumi ina herufi tano tu za irabu. Zile mbili zilizokosa herufi zikapewa i na u zenye kiwimbi, yaani tilde. ĩ hutamkwa karibu na e ya Kiswahili, ũ karibu na o. E na o za Kikuyu zisizo na alama hutamkwa kwa kinywa kilicho wazi zaidi. Ndiyo maana Nyĩrĩ iliingia kwenye ramani kama Nyeri: irabu ni ileile, mara imeandikwa e, mara i.

Ukisahihisha, anza na viambishi. Mũ-, mĩ-, kĩ-/gĩ- na kũ-/gũ- hubeba alama: mũndũ (mtu), mũtĩ (mti), gĩtĩ (kiti). Mwana haina, kwa kuwa pale u imeshageuka w.

Katika Word ya Windows, andika 0129 kisha bonyeza Alt na X pamoja, utapata ĩ. 0169 hutoa ũ, 0128 Ĩ, 0168 Ũ. Panapoharibika ni pale tarakimu zinapofuata herufi a hadi f, kama katika mbeũ (mbegu): Word huihesabu ile e kuwa sehemu ya namba. Chagua zile tarakimu nne peke yake, ndipo ubonyeze.

Fonti za mapambo ndizo zenye shida zaidi. Nyingi hazina herufi hizi, hivyo utaona kisanduku, au herufi iliyoazimwa kutoka fonti nyingine. Tafuta fonti inayokubali Kivietinamu, maana nacho hutumia ĩ na ũ, ingawa kule alama huonyesha toni. Usizibe pengo kwa î wala ï.

SWALI: Ni alama ileile ya ñ ya Kihispania? – Msomaji, Tanga

JIBU: Umbo ni lilelile. Waandishi wa Ulaya ya zama za kati walifupisha n kwa kuchora kistari juu ya herufi jirani. Annus ya Kilatini (mwaka) ikawa año, na ñ ikabaki na sauti ya ny. Kwa Wareno n yenyewe ilitoweka, irabu ikatamkwa puani: germana ikawa irmã (dada). Kikuyu kiliazima umbo tu; ĩ na ũ zake hazitamkwi puani.