Maswali ya Wasomaji: Shamba linapokatwa viwanja

SWALI: Ndugu wahariri, shamba la hekta 12 linalopakana na letu limeombewa kibali cha kugawanywa viwanja 30 vya makazi. Tangazo la halmashauri linasema tupeleke maoni, kisha kutakuwa na kikao cha hadhara. Huku hakuna bomba la maji safi wala la maji taka, kwa hiyo kila nyumba itakuwa na kisima chake na tangi lake la maji taka. Majirani wanataka tujae kikaoni tupinge. Wingi wetu utasaidia?

JIBU: Kidogo sana, kama hamtakuwa na kitu cha kuweka kwenye faili. Kamati ya mipango hupima ombi kwa vigezo vilivyoandikwa: matumizi ya ardhi yaliyopangwa, ukubwa wa chini wa kiwanja, maji, maji taka, mafuriko, barabara. Hoja kwamba wageni watabadilisha kijiji haina kigezo cha kuegemea, hata ikisemwa na watu mia. Na rufaa ikikatwa, mara nyingi kinachoangaliwa ni kile kilichowasilishwa kwa maandishi kabla ya uamuzi.

Nendeni ofisi ya mipango mkaombe faili zima, si ramani peke yake. Mnachotafuta ni ripoti ya udongo, ripoti ya maji ya ardhini, hesabu za maji ya mvua, na mchoro wa viwanja wenye kontua (mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi).

Anzeni na mchoro. Hekta 12 kwa viwanja 30 ni mita za mraba 4,000 kila kimoja. Barabara na mitaro ikichukua asilimia 15 hadi 20, hubaki 3,200 hadi 3,400. Panaonekana pakubwa. Sasa chukueni bikari. Sehemu nyingi kisima hutakiwa kuwa takriban mita 30 kutoka mahali maji taka yanaponyonywa na udongo (thibitisheni kipimo cha kwenu). Kwenye mchoro wa 1:1000, hizo ni sentimita 3. Chora duara kuzunguka kila kisima kilichopendekezwa: kila duara linafunika karibu mita za mraba 2,800. Maduara yataingia viwanja vya jirani, na mtaona wenyewe ni viwanja vingapi vinakosa nafasi ya eneo la kunyonyea pamoja na eneo la akiba, litakalohitajika la kwanza likiziba. Msisahau kuchora duara kwenye visima vyenu vilivyopo. Hivyo ndivyo visivyoonekana mara nyingi kwenye mchoro wa mwombaji.

Kisha someni ripoti ya udongo kwa makini. Shimo la majaribio hujazwa maji na kuachwa lilowe, kwa kawaida usiku kucha, ndipo hupimwa maji yanashuka kiasi gani kila baada ya nusu saa. Angalieni tarehe. Udongo wa mfinyanzi ukipimwa kiangazi bila kuloweshwa vya kutosha, nyufa zake humeza maji na kutoa matokeo mazuri ya uongo. Masika ikifika, maji taka yatapanda juu ya ardhi. Udongo unaopitisha upesi mno nao si salama, kwa sababu maji taka hufika kwenye maji ya ardhini kabla ya kuchujwa. Ulizeni pia rangi: udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu ni dalili kwamba maji hutuama hapo msimu wa mvua, hata kama shimo lilikutwa kavu. Na mashimo mawili au matatu hayawezi kusemea viwanja 30.

Kwa visima, ombeni jaribio la kusukuma maji la saa 24, huku kina cha maji kwenye visima vyenu kikipimwa wakati huohuo. Bila vipimo hivyo, baadaye hamtakuwa na ushahidi kwamba maji yenu yamepungua.

Mvua: paa la mita za mraba 150 likipata milimita 50 linamwaga lita 7,500. Mapaa 30 ni lita 225,000, bado barabara. Maji hayo yanaelekezwa wapi, na kalavati lililopo linayamudu?

Barabarani, pimeni umbali wa kuona kwenye njia ya kuingilia. Gari la kilomita 80 kwa saa linahitaji takriban mita 130 kusimama.

SWALI: Ugawaji wa viwanja ninavyovitaka umepitishwa “kwa masharti”. Nilipe sasa?

JIBU: Usimkabidhi muuzaji fedha bado. Idhini ya masharti humruhusu kufanya kazi alizoagizwa: barabara, mitaro, maji. Baada ya hapo ndipo mpima ardhi huweka bikoni (alama za mipaka), ramani ya mwisho huidhinishwa na kusajiliwa, na kiwanja chako hupata hati yake. Kabla ya usajili, kisheria bado kuna shamba moja tu. Ukilazimika kushikilia nafasi, malipo ya awali yakae kwa wakili, mkataba ukisema yanarudi usajili usipokamilika kufikia tarehe iliyotajwa. Soma kila sharti uone kama linatakiwa kutimizwa kabla ya usajili au baada. Kwa yale ya “baada”, dai kuwe na dhamana ya fedha iliyo mikononi mwa halmashauri, na uangalie inaisha lini. Ikiisha kabla barabara haijamalizika, huenda wenye viwanja wakabaki na gharama hiyo.